Mashine Ililetwa Nzima

Mwalimu alikuja na laptopu ameiviringisha kwenye kanga, akaiweka juu ya meza yangu, akaifunua taratibu. Mwaka ulikuwa 2022, na mimi nilikuwa nafanyia kazi kwenye kibaraza cha duka la steshenari mjini Morogoro: meza moja, stuli mbili, ekstensheni iliyozungushiwa selotepu, na bango la kadibodi lililosema tunapiga Windows na kuondoa virusi. Aliibonyeza. Nembo ikapita, kioo kikawa cheusi, na juu kabisa, kona ya kushoto, yakatokea maneno machache meupe:

error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>

"Jana umeme ulikatika, chaji ikaisha. Leo naiwasha inaniletea haya," akasema. "Fundi, kazi zangu zimepotea?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna kilichopotea. Na kweli, dakika ile hakukuwa na kilichopotea, hata herufi moja. Kazi zilipotea kama saa mbili baadaye, mkononi mwangu.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hupenda niwasimulie mashine nilizofufua. Mimi huanza na hii.

Wakati naandika jina lake kwenye daftari la mapokezi, mwalimu alikuwa anaongea, na mafundi wengi tunawasikiliza wateja kama tunavyosikiliza redio ya jirani. Alisema mdogo wake anayesoma chuo Dodoma alikuja Jumamosi, akakesha na ile mashine akiwa na flashi yake, akisema anaweka kitu cha masomo, kisha Jumapili akasema amekiondoa, akapanda basi. Akaongeza, kama mtu anayekumbuka kidonda kingine akiwa tayari mbele ya daktari: "Halafu hata saa yake inachelewa siku hizi. Saa tatu kamili." Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba hiyo ni betri ndogo ya ndani, nitaibadilisha.

Betri ile ikifa, saa ya mashine hurudi nyuma kwa miaka. Hairudi nyuma saa tatu kamili. Saa tatu kamili ni alama ya mguu. Windows huichukulia saa iliyomo ndani ya bodi kuwa ni saa ya mahali ulipo. Linux, kwa kawaida, huiandika ile ile kwa saa ya dunia, UTC. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kwa hiyo mashine ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala iliyowashwa kwenye Linux, kisha ikawashwa kwenye Windows bila intaneti ya kuisahihisha, huonyesha saa tatu nyuma. Ya Lagos ingechelewa saa moja. Sisi ambao kila siku tunaongeza na kupunguza saa sita ili kusoma saa kwa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulishtukia jambo hili. Mwalimu alikuwa amenipa jibu zima: kuna mfumo wa pili uliingia humu, ukatolewa, juzi tu. Namba ya simu ya mdogo wake alikuwa nayo. Sikuiomba.

Nieleze kilichokuwa kimetokea, maana bila hicho funzo lenyewe halieleweki.

Laptopu za miaka hii huamka kwa utaratibu unaoitwa UEFI. Kwenye diski kuna sehemu ndogo iliyotengwa, ya muundo wa FAT32, na humo kila mfumo huweka folda yake yenye programu fupi ya kuuamsha. Windows ina yake, Ubuntu ina yake. Majina ya programu hizo huandikwa kwenye chipu ya bodi kwa orodha, na mashine ikiwashwa huanza na jina la juu. Ubuntu (ambalo ni ndugu wa neno letu utu) ikiingia, hujiweka juu ya orodha na kumleta GRUB, yule anayetokea na menyu ya kuuliza leo unataka upande upi.

Lakini GRUB hakai sehemu moja. Kipande kidogo kiko kwenye ile sehemu ya FAT32. Menyu yake na vifaa vyake vingine viko ndani ya patisheni ya Ubuntu. Kijana alipoingia Windows na kuifuta patisheni ya Ubuntu, alifuta nyumba akamwacha mlinzi getini. Mlinzi bado ndiye wa kwanza kwenye orodha, funguo bado anazo, lakini nyumba anayoitafuta haipo. Akakaa kwenye giza na maneno yake mawili, grub rescue, akisubiri mtu amwelekeze. Windows ilikuwa nyuma yake, nzima kabisa.

Kwa nini haikuonekana tangu Jumapili? Kwa sababu mwalimu, kama walimu wengi ninaowafahamu, hazimi laptopu. Anaifunika. Ilikuwa inasinzia na kuamka tu, mpaka umeme ulipokatika na chaji ikaisha, ndipo ikalazimika kuanza safari tangu getini.

Dawa yake ni nusu dakika. Unazima, unawasha, unagongagonga F12 wakati nembo inatokea (mashine nyingine ni F9, nyingine Esc), unaletewa ile orodha: ubuntu, chini yake Windows Boot Manager. Unachagua ya chini. Windows inafunguka. Baadaye unaingia kwenye mipangilio ya bodi na kuiweka Windows juu, basi. Kwa kazi hiyo hata elfu tano ningeona haya kuichukua.

Mimi nilikuwa nimejifunzia kwenye mashine za zamani. Kwenye hizo, safari huanzia sekta ya kwanza ya diski, ile tunayoiita MBR: baiti 512 tu, 446 za programu ya kuwashia, 64 za jedwali la patisheni nne, na mbili za mwisho za muhuri. GRUB alikuwa akikaa humo, na ukitaka kumwondoa unaingiza flashi ya Windows, unafungua ile skrini nyeusi ya amri, unaandika bootrec /fixmbr, umemaliza. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilipoona neno grub vidole vilijua pa kwenda kabla ya kichwa.

Flashi yangu ilikuwa ya kizamani, haikubaliki kwenye utaratibu mpya. Nikaingia kwenye mipangilio ya bodi, nikazima Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwashia, nikawasha Legacy, ule utaratibu wa zamani. Sikuandika popote ilivyokuwa kabla. Flashi ikaitika. Nikaandika amri yangu, ikanijibu kwamba kazi imekamilika kwa mafanikio. Jibu hilo limewaponza mafundi wengi, na halidanganyi: ulichoagiza kimefanyika. Halisemi kama kilikuwa na maana. Kwenye diski ya mpangilio wa GPT, kama ile, sekta ya kwanza ni ya kuwazuia wageni tu wasidhani diski iko tupu. UEFI haiendi kutafuta programu humo. Nilikuwa nimepaka rangi mlango ambao hakuna anayeupitia.

Nikawasha. Mashine ikasema haioni diski ya kuwashia. Hapo jasho likaanza. Mwalimu alikuwa kwenye stuli ya pili anasahihisha madaftari, kila nikimtazama ananipa tabasamu la mtu anayemwamini fundi.

Nikarudi kwenye mipangilio, nikaondoa Legacy, nikarudisha UEFI. Secure Boot nikaiacha imezimwa, niliisahau. Safari hii, kwa bahati tu, niliiona ile orodha na jina la Windows, nikalichagua. Ukurasa wa buluu ukajaa kioo kizima. Uliitwa BitLocker, na ulitaka ufunguo wa tarakimu 48.

"Mwalimu, una namba ya siri ya tarakimu arobaini na nane?"

Akacheka. Alidhani natania.

Laptopu nyingi zinazouzwa na Windows, ukizianzisha kwa akaunti ya Microsoft, hujifungia diski zenyewe, wala hazikuulizi kwa sauti ya kukushtua. Kila unachohifadhi kinasimbwa. Ufunguo wa kila siku hutunzwa na chipu iitwayo TPM, na chipu hiyo ni kama mtunza stoo mwenye msimamo: hutoa ufunguo endapo mashine imeamka katika hali ile ile aliyoizoea. Secure Boot ikiwa imewashwa tangu mwanzo, kisha leo imezimwa, yeye huona kuna mgeni, hunyamaza, na ukurasa wa buluu hutokea kuomba ufunguo wa akiba. Ningerudi nilikotoka, nikaiwasha Secure Boot kama nilivyoikuta, mtunza stoo angenitambua. Nimejaribu mara nyingi tangu siku ile, kwenye mashine nilizozizuia mimi mwenyewe kwa makusudi ili nijifunze, na zimefunguka.

Sikurudi. Kwenye mipangilio ya bodi, ukurasa wa usalama, niliona mstari ulioandikwa Clear TPM. Nikawaza: hii TPM ndiyo inayonizuia, nikiisafisha itaniachia. Nilibonyeza, mashine ikazima na kuwaka, ikaleta onyo la mistari kama minne kwa Kiingereza, mwishoni ikisema bonyeza kitufe fulani kukubali. Nilisoma mstari wa mwisho.

Ukurasa wa buluu ukarudi vile vile. Tofauti ni kwamba sasa hakukuwa na mtunza stoo wa kurudiana naye. Aliyekuwa na ufunguo nilikuwa nimemfuta kumbukumbu kwa mkono wangu.

Ndipo nikaomba namba ya mdogo wake. Alipokea mara moja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hii laptopu ya dada yako, uliifanyaje?"

Akaeleza yote bila kukwama. Aliigawa nafasi kutoka Windows, akaweka Ubuntu, akajaribu kuingia Windows kupitia menyu ya GRUB, ukurasa wa buluu ukamtokea ukidai tarakimu 48. Akaogopa. Akazima, akapita kwa F12 moja kwa moja mpaka Windows, ikafunguka. Akaona kheri aondoe alichokileta kabla hajamharibia dada yake mitihani. "Kwani imefanya nini, kaka? Kama inaleta grub, bonyeza F12 tu."

Mwalimu alikuwa ameacha kusahihisha. Simu ilikuwa kwenye spika.

Ufunguo wa akiba huwa upo mahali. Kwa mashine ya mtu binafsi iliyojifunga yenyewe, nakala hupelekwa kwenye akaunti ile iliyoianzisha. Nikamuuliza mwalimu akaunti yake. Hakuwahi kutengeneza. Laptopu aliinunua kwenye duka moja Kariakoo, na kijana wa duka, kwa wema, alimwanzishia palepale: akabuni barua pepe, akabuni neno la siri, akaviandika kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya boksi. Jambo hili hufanyika kila siku kwenye maduka yetu na mteja hushukuru. Boksi alipewa jirani aliyekuwa anahama, atie vyombo.

Tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, nauli juu yangu. Dukani walitupokea vizuri. Kijana yule alikuwa ameshaacha kazi. Namba yake haikupatikana. Kwenye risiti hakukuwa na barua pepe. Tukasimama pale kwenye kaunta kwa muda, watu wakitupita na maboksi.

Njiani kurudi aliniuliza kama siwezi kubahatisha. Nilikuwa nimeshasoma usiku uliotangulia. Zile tarakimu 48 ni mafungu manane ya tarakimu sita, na kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, ndiyo maana ukikosea kuandika moja mashine hukukamata hapo hapo. Hilo hupunguza idadi ya funguo zinazowezekana, ila inabaki ni namba yenye tarakimu 39. Nilimwambia haiwezekani. Akaangalia nje dirishani mpaka Chalinze.

Kilichokuwa humo: maandalio ya masomo ya miaka minne, alama za wanafunzi (hizo alikuwa nazo pia kwenye karatasi), na tasnifu yake ya uzamili. Sura mbili za kwanza zilikuwa kwa msimamizi wake kwenye barua pepe. Ya tatu ilikuwa humo tu. Na picha za mama yake, za mwaka wa mwisho wa uhai wake, alizozihamishia kwenye laptopu simu ilipojaa. Alizihamisha, hakuzinakili.

Sikumtoza, na diski mpya nilinunua mimi. Hayo si ya kusifiwa.

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kuona kama nimejifunza. Agosti 2024 Microsoft ilitoa masasisho ya Windows yaliyokuwa na lengo zuri, kuzuia matoleo ya GRUB yenye tundu la usalama yasiwashike tena, lakini kwenye mashine nyingi duniani zenye mifumo miwili yakaifungia nje hata Linux isiyo na kosa. Zilikuwa zinatoa ujumbe unaotaja SBAT na ukiukaji wa sera ya usalama, kisha zinazima. Dawa iliyosambaa ilikuwa sahihi: zima Secure Boot, ingia Linux, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, washa upya, rudisha Secure Boot. Mteja wangu wa kwanza mwenye tatizo hilo alikuja na maelekezo hayo kwenye simu, ananiharakisha: si unazima tu hiyo kitu?

Nikamuuliza diski yake ya Windows imefungwa? Hajui. Tukafungua Windows kwanza, ambayo ilikuwa inafunguka vizuri, tukaangalia kwenye mipangilio. Imefungwa. Tukaingia kwenye akaunti yake, tukaupata ufunguo, akauandika kwenye daftari lake kwa mkono wake, akanisomea, nikamsomea. Ndipo nikazima Secure Boot. Alipojaribu Windows kabla sijairudisha, ukurasa wa buluu ulimtokea kama nilivyotegemea, na nikamwona anavyolishika lile daftari.

Siku hizi daftari langu la mapokezi lina safu tatu ambazo hazikuwepo: nani aliigusa mwisho, alifanya nini, namba yake ya simu. Kabla ya kubadilisha chochote kwenye mipangilio ya bodi napiga picha kila ukurasa kwa simu, hata ile isiyonihusu. Na kama diski inasomeka, nakala ya kazi za mteja hutangulia, matengenezo hufuata. Kwa Linux hata flashi ya Ubuntu yenyewe inatosha: unaiwasha kutoka hapo bila kuisimika, unatoa vitu, unaviweka kwenye diski ya nje.

Yule mlinzi wa getini naye sasa namheshimu. Anaongea, ila maneno machache. Juzi kijana mmoja alileta mashine ya zamani, ya MBR, aliyokuwa ameipanua patisheni kwa programu fulani, namba zikahama. Skrini ile ile, grub rescue. Wanafunzi wangu wawili walikuwa tayari na flashi. Nikawaambia wakae, nikaandika herufi mbili: ls. Akajibu kwa kuorodhesha anavyoviona: (hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos2) (hd0,msdos1). Nikaandika ls (hd0,msdos5)/boot/grub, akaonyesha faili zake. Nyumba ipo, imebadilika namba tu. Alikuwa anagonga namba sita na familia imehamia tano. Nikamwelekeza:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ikatokea. Tulipoingia ndani, sudo grub-install /dev/sda ili akumbuke anwani mpya, na sudo update-grub. Windows haikuonekana kwenye menyu, na mmoja wa wanafunzi akashika kichwa. Nayo haikuwa imeondoka: tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka uiruhusu. Mstari mmoja kwenye faili la /etc/default/grub, GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, sudo update-grub tena, ikaja.

Mwalimu alimaliza uzamili wake. Sura ya tatu aliiandika upya, na anasema ilitoka nzuri kuliko ya kwanza. Sijui kama anasema hivyo kwa ajili yangu. Bado ni mteja. Diski ya zamani sikuifuta, kwa kuwa nilichokifuta mimi ni kumbukumbu ya chipu tu. Ndani ya diski kila kitu kipo, na ule ufunguo wa tarakimu 48 ukipatikana leo itafunguka leo. Ukurasa wa buluu huonyesha utambulisho wa ufunguo unaotakiwa, na herufi nane za mwanzo nimeziandika kwenye plasta niliyobandika juu ya diski. Iko kwenye droo ya meza yangu, ndani ya kopo la biskuti. Yule jirani aliyehama na boksi, nilisikia yuko Ifakara.